Hatamu za Jaluti

Mwanamkasi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, simu mapajani, akiusukuma usiku. Ngazi ya kwanza ilipigwa na upepo wa chini ya mlango, ya pili ililia kila ukiikalia, na kutoka ya nne mlango hauonekani vizuri. Ya tatu ndiyo ilikuwa yake. Saa ya jikoni ilisema saa nane na nusu. Mtaa mzima wa Sparkhill, Birmingham, ulikuwa umelala, hata mabasi ya Stratford Road yalikuwa yamepungua, na ilibaki nusu saa tu bintiye apande farasi mkubwa kuliko gari la aiskrimu, huku mikono yake yote miwili ikiwa na kazi nyingine.

Binti huyo, Raisa, alikuwa mwanajeshi katika bendi ya farasi huko London. Usiku ule bendi ilikuwa inafanya mazoezi barabarani kabla mji haujaamka, na Raisa alikuwa anapimwa. Akifaulu, atakuwa mpiga ngoma wa mbele, yule anayeongoza wenzake wote. Akishindwa, atarudi nyuma kabisa na klarineti yake. Matokeo yangejulikana kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Hayo peke yake yangetosha kumkosesha mama usingizi. Lakini kulikuwa na jambo la pili: hatamu atakazotumia Raisa usiku ule alizishona Mwanamkasi mwenyewe. Na kulikuwa na la tatu, ambalo hakumwambia mtu, nalo lilihusu mafuta.

"Njoo ulale, mama we," Makungu, mumewe, aliita kutoka juu. "Huyo farasi hana habari nawe."

"Lala wewe. Mimi nasikiliza."

"Unasikiliza nini? London?"

"Nasikiliza tu."

Makungu alikuwa dereva wa basi na zamu yake ilianza saa kumi na moja alfajiri. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa alikuwa amemwona mkewe akisikiliza gesi, akisikiliza bomba, akisikiliza pumzi za mtoto aliyelala. Punde akaanza kukoroma, na Mwanamkasi akasikiliza hilo pia.

Kwa kweli farasi wa ngoma anatisha, hata kwa asiye mwoga. Mgongoni huvishwa ngoma mbili za shaba, moja huku na moja huku kama shogi, yale makapu ya mizigo ya punda, kila moja ukubwa wake ni wa sufuria ya pilau ya harusi. Mpiga ngoma hukaa nyuma ya ngoma hizo na fimbo mbili. Sasa aliyeshika fimbo mbili hawezi kushika hatamu, kwa hiyo hatamu hushuka miguuni. Ncha moja hufungwa kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa farasi, na ncha ya pili kwenye kikuku, pale mpandaji anapotia mguu. Ukitaka farasi aende kulia, unavuta mguu wa kulia. Ukitaka asimame, unavuta yote miwili na kumwomba Mungu. Hilo la mwisho halikuandikwa kwenye kitabu cha jeshi; Mwanamkasi ndiye aliyeliongeza.

Aliyajua mambo haya kwa sababu yalikuwa kazi yake. Alizaliwa Wete, Pemba, mtoto wa fundi wa matandiko ya punda na ng'ombe wa gari, na alisoma darasa nne tu kabla baba hajaona kuwa vidole vyake vina faida zaidi kiwandani. Akafundishwa kushona ngozi kwa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta: sindano hii ikiingia, ile inatoka, zinapishana kwenye tundu moja kama watu wawili mlangoni, na mshono haufumuki hata uzi ukikatika. Miaka mingi baadaye, akiwa ameshaolewa na kuletwa Birmingham, alipata kazi ya kufagia katika kiwanda kidogo cha matandiko ya farasi huko Walsall, safari ya basi moja na treni moja. Alifagia wiki tatu akiwatazama mafundi. Wiki ya nne fundi mmoja alitoka kuvuta sigara, akaacha mkanda wake nusu umeshonwa. Mwanamkasi aliuvumilia kwa dakika mbili. Ya tatu akaweka fagio chini, akakaa.

Mwenye kiwanda, Surinder, mzee wa kilemba aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake, aliushika ule mkanda baadaye, akauweka chini ya taa, akaugeuza nyuma na mbele.

"Nani ameshona hapa?"

Mwanamkasi alijua ndio mwisho wa kazi. Akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Nani alikufundisha?" Surinder aliuliza.

Kiingereza chote kikamkimbia, akabaki na neno moja. "Punda," alisema.

Tangu siku ile fagio alilishika mtu mwingine.

Na Raisa alikulia pale pale. Kila Jumamosi, Makungu akiwa barabarani na basi lake, mtoto alikwenda kazini na mama, akakaa chini ya meza na kupiga mipini ya nyundo juu ya mbao za matandiko mpaka mafundi wakafanya kazi kwa mapigo yake. Akiwa na miaka tisa, farasi wa ngoma alishushwa kwenye lori uani ili apimwe vifaa vipya. Surinder akambeba mtoto, akampandisha. Mwanamkasi alitoka na kipande cha ngozi mdomoni, akamwona mwanawe yuko juu usawa wa dirisha la ghorofa, anacheka. Kuanzia hapo hakukuwa na mjadala tena juu ya mtoto huyu atakuwa nani, ingawa mjadala ulikuja kufanyika, na kwa sauti kubwa.

Ulifanyika miaka miwili iliyopita, Raisa alipoleta barua ya jeshi mezani.

"Nimekuzalia Ulaya usome, ukae ofisini kwenye kiti chenye magurudumu!" mama alilia. "Sasa wewe unakwenda kupanda mnyama!"

Raisa alizaliwa Birmingham. Kiswahili alikisikia chote, ila majibu yake siku zote yalikuwa ya Kiingereza, na ya siku ile yalikuwa mafupi: aliyempeleka kwa farasi ni nani?

Hakuna kitu kinachomuudhi mtu kama swali ambalo jibu lake ni yeye mwenyewe. Mwanamkasi alisema maneno. Alisema bora hata farasi mwenyewe amtupe mara moja ajue. Raisa akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akauweka juu ya kabati la viatu, polepole, bila kubamiza, akaondoka.

Alikuja kutembea baada ya hapo, hilo hakukataa. Lakini alipiga kengele. Alikaa ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, akanywa chai kama mtu aliyetumwa na kampuni ya umeme kusoma mita, akashukuru, akaenda zake. Mwanamkasi angeweza kuvumilia matusi, lakini ile asante ya mgeni ilimtoboa kama maharazi ya kutobolea ngozi.

Basi mwezi mmoja nyuma Surinder aliweka karatasi ya kazi mezani pake. Hatamu za miguuni, jozi moja, nyeusi, kwa farasi wa ngoma aitwaye Goliathi. Za zamani zilikatwa kwa mtu mrefu. Kwa mpiga ngoma mpya zililegea, farasi akawa anapata habari za mpandaji kwa kuchelewa. Chini yake kulikuwa na kipimo cha mguu. Mwanamkasi hakuhitaji jina. Mguu mfupi namna ile aliuzaa yeye.

"Amekupigia?" aliuliza.

"Amenipigia," Surinder alisema. "Akaniambia nimpe kazi fundi wangu bora."

"Alinitaja?"

"Dada, hapa nina mafundi wawili. Mmoja ni mimi, na macho yangu unayajua."

Mwanamkasi alikwenda nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba yai. Goliathi akambatiza Jaluti, kwa sababu ndivyo jitu hilo lilivyoitwa kwenye chuo cha Kurani Pemba, na kumpa mnyama jina ulilolizoea kunapunguza ukubwa wake kidogo. Kila mshono wa zile hatamu aliushona huku anasoma Ayatul Kursiyu. Alishona minane kwa kila inchi, halafu akafumua yote akashona tisa.

Zilibaki kupakwa mafuta. Kiwandani hutumiwa mafuta yanayochemshwa kutoka kwenye kwato za ng'ombe, na Surinder alimpa kopo zima aende nalo nyumbani amalizie huko. Mwanamkasi alilifungua jikoni, akanusa, akalifunga. Mwanawe atapita mbele ya watu, pengine mbele ya wakubwa wa nchi, ananuka supu ya jana? Baba yake hakuwahi kupaka ngozi mafuta ya kwato. Alipaka mafuta ya nazi, na mikanda yake ilidumu kuliko punda.

Basi akatoa chupa yake mwenyewe, mafuta ya nazi aliyoyapika kwa mkono, yenye karafuu na maua ya langilangi, yale yale aliyompaka Raisa kichwani kila Ijumaa mpaka alipotimia miaka kumi na minne akakataa. Birmingham mafuta hayo huganda kama samli. Aliyayeyusha juu ya hita ya ukutani. Akapaka kulia, akapaka kushoto, akaongeza upande wa miguuni ambako ngozi hujikunja zaidi, na yaliyobaki chupani, kwa kuwa hataki kutupa, akayamalizia yote kwenye mkanda wa kulia. Kisha akawasha chetezo, akazifukiza udi kama nguo za bibi harusi. Kengele ya moshi ikalia nyumba nzima. Jirani, Jepchirchir, akaja mbio na taulo kichwani.

"Mama Raisa! Ni moto?"

"Ni udi tu, shoga. Nafukiza mikanda ya farasi."

Jepchirchir, Mkenya wa Eldoret aliyehudumia wazee katika nyumba zao, alikuwa ameona mengi katika kazi yake. "Sawa," alisema, akarudi kuoga.

Kabla ya kufunga kifurushi, Mwanamkasi alichukua ule ufunguo uliokaa miaka miwili juu ya kabati la viatu. Alitaka kuandika barua. Alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa, akaandika "Mwanangu", akaona herufi zimekaa vibaya, akaichana. Mwishowe akaufunga ufunguo kwenye pindo la kitambaa safi, akauweka katikati ya hatamu. Hiyo ndiyo ilikuwa barua.

Raisa hakupiga simu kusema umefika. Alituma neno moja kwa Surinder: zimekaa vizuri.

Sasa ilikuwa saa kumi kasoro, na ngazi ya tatu ilikuwa imeanza kuwa ngumu. Kule London walikuwa wameshaondoka zizini. Mwanamkasi alisikia kitu jikoni, akainuka, akawasha taa.

Alikuwa paka wa Jepchirchir, jina lake Waziri, aliyekuwa na desturi ya kuingilia dirisha la juu la jikoni kama mtu mwenye hati ya nyumba. Alikuwa amevuta kitu kutoka kwenye kapu la nguo chafu na amekilalia, anakilamba kwa macho yaliyofumba. Kilikuwa kile kitambaa alichopakia mafuta. Waziri alilamba upande mmoja, akakigeuza kwa ukucha, akalamba wa pili, kisha akaanza kukitafuna.

Mwanamkasi alisimama akimtazama. Akaona mikanda ya baba yake, mmoja mmoja. Mkanda wa tumboni. Mkanda wa kifuani. Mkanda wa chini ya mkia. Hata mmoja haukuwa mahali ambapo mdomo wa punda ungeufikia. Na wale punda waliofungwa karibu karibu, mmoja alikula matandiko ya mwenzake, na baba akasema ni njaa.

"Yarabi toba," alisema. "Nimempakia farasi chakula."

Simu ya Raisa ilikuwa imezimwa. Hakuna anayepanda farasi wa ngoma na simu. Akampigia Surinder.

"Nani kafa?" Surinder aliuliza.

"Hajafa mtu. Bado. Surinder, farasi anakula nazi?"

"Dada. Ni saa kumi za usiku."

"Anakula au hali?"

"Anaipenda sana. Wapo wanaowawekea mafuta yake kwenye chakula manyoya yang'ae. Kwa nini unauliza?"

Alimweleza. Alieleza haraka, akaruka udi, akaurudia udi kwa sababu uongo ulimshinda.

"Nilikupa kopo zima la mafuta ya kwato!" Surinder alisema.

"Yananuka!"

"Yanatakiwa kunuka! Ndiyo maana farasi hayali!"

Akaahidi kupiga simu jeshini. Baada ya robo saa akarudi kusema hakuna anayepokea, wote wako juu ya farasi. Mlango wa nyuma ukagongwa: Jepchirchir, amevaa sare ya kazi, anatafuta paka wake kabla ya kwenda zamu ya alfajiri. Alimkuta jirani yake ameketi sakafuni, paka mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili, wanavutana.

"Woi, Mama Raisa. Kwani sasa ni nini?"

Akasimuliwa naye. Jepchirchir aliweka mkoba chini, akafikiri.

"Si ni kulamba tu? Akilamba, atamwangusha aje?"

"Hatamu iko mguuni! Akigeuza kichwa kuufuata mguu, amejiongoza mwenyewe! Na Raisa atasema nimefanya makusudi. Miaka miwili nasema ashuke kwenye yule mnyama. Niliwaambia wote. Nilikwambia wewe."

"Uliniambia," Jepchirchir alikubali. "Uliniambia kila siku. Hata mimi, kama singekuwa nimeona hii sura yako sasa hivi, ningesema ni makusudi."

Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yake. Akamchukua Waziri, naye Waziri akachukua kitambaa, wakaondoka.

Makungu alishuka, akanywa chai wima, akasikiliza yote. "Mafuta gani?" aliuliza. "Yale ya langilangi? Mbona mimi hujanipaka?" Akaenda kazini.

Saa kumi na mbili ikaja. Simu haikulia. Saa moja ikaja, watoto wa shule wakaanza kupita, duka la nyama la ng'ambo likainua mlango wake wa chuma kwa kishindo, Mwanamkasi akashtuka akaiangusha simu, akaiokota, akaitazama kama imepasuka. Haikupasuka. Saa mbili kasorobo ikalia, na alikuwa Surinder.

"Keti," alisema.

"Nimeketi tangu jana."

"Nimepigiwa na afisa wao. Mtoto mzima."

Mwanamkasi akapumua kwa mara ya kwanza tangu saa kumi.

"Farasi naye mzima," Surinder aliendelea. "Farasi amefurahi sana. Sasa sikiliza."

Walikwenda vizuri nusu ya njia, alisema, mpaka wakafika kwenye mzunguko wa barabara wenye sanamu katikati. Pale Jaluti alisimamishwa kidogo kungojea taa, na aliposimama akapata nafasi ya kunusa. Akapinda shingo kulia. Akakuta mkanda. Akaulamba, akaona mwisho wake ni mtamu zaidi, akaufuata kwenye buti. Taa ikawaka kijani, bendi ikaanza kupiga, na farasi akaanza kutembea kama alivyofundishwa, ila kichwa hakukirudisha. Akauzunguka mzunguko. Akauzunguka tena. Na kwa kuwa sheria ya bendi ni moja tu, mfuate farasi wa ngoma, farasi thelathini na wapigaji thelathini wakazunguka nyuma yake wakipiga tarumbeta, mara tatu kamili, mbele ya wafagiaji wa barabara walioegemea mafagio yao na kupiga makofi.

"Yarabi nistiri," Mwanamkasi alisema.

"Ngoja. Afisa anasema hivi: Raisa hakukosa pigo hata moja. Alikuwa anazunguka, buti linalambwa, na ngoma inakwenda sawasawa kama saa ya ukutani. Mzunguko wa tatu, bila kuacha kupiga, akainama mbele, akamsemesha farasi. Akampigia kelele. Farasi akanyanyua kichwa, akanyooka, hakugeuka tena mpaka zizini. Afisa anataka kujua ni lugha gani, kwa sababu anataka wapanda farasi wote wafundishwe. Amenisomea alivyosikia, nimeandika. Ngoja nivae miwani."

Karatasi ikakwaruza.

"Wee," Surinder alisoma, kwa taabu, kama mtu anayetembea juu ya mawe. "Huna adabu wee. Nyanyua kichwa hicho. Ngoja nije hapo. Ngoja nije."

Mwanamkasi aliteremka akaketi kwenye ngazi ya pili, nayo ikalia. Maneno yale aliyajua. Alikuwa ameyasema kwa mpangilio ule ule juu ya daftari za hesabu, juu ya sahani za mchicha, juu ya mtoto aliyelalia mkono wakati wa kusuka. Kwa miaka ishirini aliyasema upande mmoja, yakajibiwa kwa Kiingereza, na hakuwahi kujua kama yaliingia mahali popote.

"Ni lugha gani?" Surinder aliuliza.

"Ni yangu," alisema. Kisha, "Amefaulu?"

"Amefaulu! Nafasi ni yake. Ila hatamu zirudi leo hii zisafishwe, zikaushwe, zipakwe mafuta, nadhani unajua mafuta gani. Anazileta mwenyewe huko kwako, kwa treni."

"Alisema nini juu yangu?"

"Hakusema kitu."

"Hata kidogo?"

"Afisa anasema alizifungua mwenyewe, akazinusa, akazitia kwenye begi, akatoka."

"Alizinusaje?"

"Mtu ananusaje, dada? Kwa pua."

Simu ikakatika. Furaha ilikuwa yake kwa muda wa dakika moja hivi, halafu akaanza kuipima. Amezinusa. Basi amejua. Harufu ile hakuna duka linaloiuza, iko kwenye kichwa cha mtu mmoja na chupa ya mtu mmoja. Na akishajua, atafikiri nini? Kwamba mama, fundi wa ngozi wa miaka kumi na tisa, hakujua kuwa farasi ana mdomo? Nani ataamini? Jepchirchir hakuamini mpaka alipoona sura yake. Raisa hakuiona sura yake. Raisa alifaulu kwa sababu ya Raisa. Hatamu zilifanya kila ziwezalo kumwangusha.

Akafagia. Akapika wali, akapika mchuzi wa papa, akafikiri papa ananuka, akafungua madirisha, akaona baridi, akayafunga. Akatandaza gazeti kwenye meza ya jikoni, akaweka brashi, sabuni ya ngozi, na kopo la mafuta ya kwato katikati, limefunguliwa, ili mtu anayeingia alione kabla ya kuona kitu kingine. Jikoni kukanuka kwato. Alifurahi kuwa kunanuka. Akajifanyia mazoezi ya kusema: mwanangu, sikukusudia. Ikasikika kama mtu aliyekusudia.

Saa tisa alasiri Makungu alirudi, akanusa, akatazama sufuria, akatazama kopo. "Kipi ndicho chakula?" aliuliza.

"Nenda ukakae sebuleni. Usiseme kitu."

"Akiingia nimwambie hujambo?"

"Akipiga kengele mimi nitafungua. Wewe kaa."

Alirudi kwenye ngazi ya tatu. Kupitia kioo chenye mawimbi cha mlangoni mtaa ulionekana kama uko chini ya maji: basi jekundu, mama na kigari cha mtoto, kanzu, mwavuli. Kila kivuli kilikuwa Raisa mpaka kilipopita. Aliitazama kengele, kile kijisanduku cheupe juu ya mlango, ambacho miaka miwili kimemtangazia mwanawe kama kinavyomtangaza mleta vifurushi. Ikilia, atajua. Ufunguo ulirudi mfukoni mwa mtu au uko bado kwenye pindo la kitambaa, pengine umetupwa na karatasi za kifurushi, pengine haukuonekana kabisa.

Kivuli kifupi kikasimama mbele ya kioo, begi kubwa begani.

Mwanamkasi akanyanyuka, akashika ukuta. Kivuli kikashusha begi. Mkono mmoja ukapanda, ukakaribia kengele, akauona kabisa kidole kilivyonyooka, ukasimama hapo. Sebuleni Makungu alikohoa.

Mkono ukashuka. Ukaingia mfukoni, ukatafuta, ukatafuta tena mfuko wa pili, na kutoka nje ya mlango ikasikika sauti ya mtu anayejisemesha kwa hasira, kwa Kiswahili kibovu: "Iko wapi wewe, huna adabu, ngoja."

Kisha chuma kikagusa chuma. Kitasa kikazunguka mara moja, kikakwama palepale kilipokuwa kikikwama siku zote, kikasukumwa na goti, na mlango ukafunguka, harufu ya nazi ikitangulia kuingia.